Kabla ya Kumtuhumu Dereva, Uliza Upepo Ulitoka Wapi

Kikao cha kamati ya msikiti wetu hapa Mvumi, wilayani Kilosa, kilichofanyika baada ya swala ya Isha mwishoni mwa mwezi wa Julai, kilikuwa na ajenda tatu, na ya tatu ndiyo iliyotukesha. Mhazini aliweka juu ya jamvi risiti za dizeli ya pikapu, akazipanga mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la safari za kwenda Dar es Salaam, ambako gari huenda tupu. Fungu la pili lilikuwa la safari za kurudi, gari likiwa limeelemewa na vigae, rangi na mbao za dari kwa ajili ya jengo jipya la madrasa. Kisha akauliza swali moja tu: inakuwaje gari tupu likanywa mafuta mengi kuliko gari lililobeba?

Hapakuwa na aliyejibu. Pikapu ile ni mali ya wakfu. Ilinunuliwa kwa michango ya misimu kadhaa ya mpunga, debe kwa debe, na wapo akina mama wajane ambao debe lao lilikuwa ndilo akiba yao. Kila lita inayopotea humo ni haki ya mtu ambaye siku moja atatudai mbele ya Allah (S.W). Risiti zilionyesha takriban lita 30 kwa kwenda na 27 kwa kurudi, katika safari ya zaidi ya kilomita 250 kila upande. Wengi wetu tulitarajia kwenda kuwe lita 24, kwa kuwa gari ni tupu na njia inateremka kuelekea baharini. Sita zilizozidi zilikwenda wapi? Na si mara moja, bali kila safari.

Dereva wetu aliitwa. Alisikiliza, akatazama risiti, akasema neno moja: “Upepo.” Wakacheka watu. Mjumbe mmoja akasema kwamba hata mtoto aliyevunja sahani huwa na kisingizio kizuri kuliko hicho. Dereva hakuongeza kitu. Alitoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya risiti, akaaga kwa salamu na kuondoka. Nasi tuliokuwa na kalamu tukaandika katika muhtasari wa kikao maneno “upotevu wa mafuta”, tukaufunga mkutano kwa dua.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, mke wa dereva alikuwa mashineni akikoboa mpunga, na akasikia habari za mumewe kutoka kwa watu ambao hawakuwamo kikaoni. Hatukuwahi kumjua aliyezitoa. Upepo huvuma, na uvumi nao huvuma, na huo wa pili hauhitaji hata uwanda wazi.

Aliyetuzindua ni mzee wetu mmoja aliyelelewa Bagamoyo na ambaye ujana wake ulikwisha katika mashua. Alikuja baada ya swala ya Ijumaa, akauliza kwa upole: “Mlimwuliza alikuwa akiupokea upepo kwa wapi, kwa omo au kwa tezi?” Tukakiri kwamba hatukumwuliza. Akasema: “Basi mmehukumu chombo kwa shehena, mkasahau bahari.” Kwa wasomaji wa bara, omo ni upande wa mbele wa chombo na tezi ni upande wa nyuma. Upepo wa omo ni ule unaokukabili, na upepo wa tezi ni ule unaokusukuma.

Tulikwenda kuitafuta hesabu hiyo. Tuliipata si katika jambo geni, bali katika fizikia ya sekondari ambayo baadhi yetu tuliisoma na kuiacha mlangoni tulipokwenda chuo cha dini. Gari linapokwenda hupambana na vizuizi vikubwa viwili. Cha kwanza ni mkwaruzano wa matairi na barabara, nao huongezeka kwa kadiri ya uzito. Cha pili ni hewa, nayo haijali uzito hata kidogo. Hujali umbo la gari, upana wa paji lake, na kasi ambayo gari linakutana nayo. Hapa ndipo penye siri: nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa kasi. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu ya hewa huzidi mara nne. Aidha, kasi inayohesabiwa si ile isomwayo kwenye dashibodi. Ni kasi ya gari ndani ya hewa yenyewe.

Tuchukue mfano. Gari linakwenda kilomita 80 kwa saa, na upepo wa omo unavuma kilomita 20 kwa saa, upepo ambao mtu aliyekaa kivulini angeuita wa kuburudisha tu. Kwa matairi, gari linakwenda 80. Kwa hewa, linakwenda 100. Mraba wa 100 ukigawanywa kwa mraba wa 80 hutoa 1.56, maana yake nguvu ya hewa imezidi kwa zaidi ya nusu. Geuza sasa gari, upepo uwe wa tezi: kwa hewa, gari linakwenda 60, na nguvu ya hewa imeshuka hadi 0.56, zaidi kidogo ya nusu ya ile ya siku tulivu. Dereva ni yuleyule, gari ni lilelile, mshale uko palepale kwenye 80, lakini upande mmoja hewa inadai karibu mara tatu ya inachodai upande wa pili.

Yupo atakayesema kwamba basi kwenda na kurudi hufidiana. Havifidiani. Jumlisha 1.56 na 0.56, gawanya kwa mbili, utapata 1.06. Safari nzima imegharimu zaidi ya siku isiyo na upepo, kwa sababu kinachopotea kwa omo ni kikubwa kuliko kinachorudishwa na tezi. Upepo wa ubavuni nao si wa bure, kwani hulifanya gari likutane na hewa kwa mshazari, na umbo la gari halikutengenezwa kuipasua hewa kwa mshazari.

Pikapu ina maradhi yake zaidi ya gari dogo. Paji lake ni pana, imeinuka kutoka chini, na nyuma ya kabini kuna bodi iliyo wazi ambako hewa huanguka na kuzunguka. Kwa gari la namna hiyo, likiwa tupu kwenye lami tambarare kwa kasi ya 80 au 90, hewa ndiyo inayokula sehemu kubwa ya nguvu kuliko matairi. Mzigo huhisiwa zaidi katika milima, katika kuondoka mara kwa mara vituoni, na katika njia ya vumbi. Barabara kuu hubadili mizani hiyo, nasi tulikuwa tumeipima safari ya barabara kuu kwa mizani ya mkokoteni.

Sasa tuitazame njia yetu, kwa sababu hesabu bila njia ni nusu ya elimu. Kutoka Mvumi tunapanda hadi Dumila, tunaishika barabara ya Dodoma kuelekea Morogoro, tunapita uwanda wa Dakawa wenye mashamba ya mpunga ambako hakuna kinachouzuia upepo isipokuwa ndege. Mwelekeo hapo ni kusini-mashariki. Kutoka Morogoro tunapita Mikese na Bwawani hadi Chalinze, kisha Mlandizi na Kibaha hadi jijini, na mwelekeo wa jumla ni mashariki.

Na upepo? Watu wa pwani wanajua kwamba mwaka wetu una pepo mbili kuu. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki tangu masika yanapoelekea ukingoni hadi karibu na vuli, na hukaza katikati ya mwaka. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kwa pepo hizo majahazi ya Omani na Ghuba yalikuja pwani yetu na kurejea kwao kwa karne nyingi. Nahodha Ahmad bin Majid, mzaliwa wa Julfar, aliyeandika kitabu chake cha elimu ya bahari, Kitabul Fawaid, karibu na mwaka 1490, alizieleza nyakati za kusafiri kwa mujibu wa pepo hizi. Neno letu msimu latokana na mausim ya Kiarabu, neno ambalo Wazungu nao walilichukua kuziita pepo hizohizo. Mabaharia Waislamu waliliweka jambo hili katika vitabu zaidi ya miaka 500 iliyopita, nasi tulilicheka kwenye jamvi la msikiti.

Weka pepo hizo juu ya ramani ya njia yetu. Mwezi wa Julai, kusi ikiwa imekaza, gari linalotoka Dumila kwenda Morogoro linaipokea usoni hasa, na halipati nafuu ya maana hadi jijini. Likirudi na vigae linasukumwa mgongoni njia nzima. Ongeza upepo wa baharini, ambao jua linapopasha nchi kavu huanza kuvuma kuelekea bara na kukaza alasiri. Dereva wetu alikuwa akiondoka Mvumi saa nne asubuhi, baada ya kupeleka watoto na kusubiri fedha kutoka kwa mhazini. Maana yake alifika Chalinze upepo ukiwa umeamka. Ucheleweshaji huo, na tuseme wazi, ulikuwa wetu.

Jambo moja lilitushangaza. Tulidhani kwamba kaskazi ikiingia mambo yatageuka, na kwenda Dar es Salaam kutakuwa rahisi. Sivyo. Kipande cha Chalinze hadi Morogoro kinaelekea magharibi na kuinama kidogo kusini, kwa hiyo kaskazi nayo humsukuma anayekuja bara na kumkabili anayekwenda pwani. Ni kipande cha Morogoro hadi Dumila tu ndicho ambacho kaskazi hukipiga ubavuni. Pepo zetu zote mbili zatoka upande wa bahari. Msafiri wa Kilosa aendaye jijini amwombe Mola wake subira misimu yote miwili.

Kujua hesabu ni jambo moja, na kumtakasa mtu ni jingine. Tulikwenda kwa dereva, watu watatu, tukamwomba akubali safari ya kupima, mhazini na sisi tukiwa ndani ya gari. Tulimwambia kila kitu, kwa maana aya ya 12 ya Suratul Hujurat haikatazi dhana mbaya peke yake, bali hukataza pia kupelelezana, na isingefaa kutibu kosa la kwanza kwa la pili. Alikubali kwa sharti moja, kwamba twende saa ileile aliyozoea kwenda.

Tulijaza tangi Dumila hadi mafuta yakaonekana shingoni, tukaandika kilomita, tukapima upepo wa matairi yote manne gari likiwa bado baridi. Tuliondoka saa nne. Dereva alikwenda kati ya 90 na 100 penye njia wazi, na 50 penye vibao vya vijiji. Dakawa bodi ilianza kunguruma. Kila tulipopita penye moshi wa jiko au bendera ya shule, vyote vilituelekea sisi. Mhazini alikuwa na daftari, na baada ya Mikese alinyamaza kuandika, akawa anatazama bendera tu. Tulipofika jijini tulijaza tena hadi shingoni. Zilikuwa lita 30 na nukta kidogo. Hakuna aliyeshuka garini bila sisi kumwona, na hakuna mpira wa kunyonyea mafuta uliofunguliwa. Mhazini aliitazama mashine ya kituo kwa muda mrefu. Kisha akamshika dereva mkono, na hatutayaandika waliyosemezana.

Safari iliyofuata tulibadili mambo mawili. Fedha zilitolewa usiku, na gari likaondoka mara baada ya swala ya Alfajiri, wakati ambapo huku bara upepo kwa kawaida huwa bado umelala. Na kasi haikuzidi 80. Zilitumika lita 25. Hatudai kwamba kipimo chetu ni cha maabara, kwa maana tulibadili saa na kasi kwa pamoja, na hatuwezi kusema kila kimoja kilituokolea kiasi gani. Lakini hesabu ya karatasi hutuonyesha ukubwa wa jambo: gari linalokwenda 100 dhidi ya upepo wa 20 hukutana na nguvu ya hewa mara 2.25 ya ile ya gari linalokwenda 80 siku tulivu. Na muda uliopotea kwa kupunguza kasi haukufika hata saa moja, kwani vijiji na malori ya njia hiyo hupunguza kasi ya kila mtu.

Kwa kuwa familia nyingi zinazosoma kurasa hizi zina pikapu, au hukodi pikapu kwa harusi, msiba au kuhama nyumba, tunaongeza machache tuliyojifunza. Madereva wengi hushusha mlango wa nyuma wa bodi wakiamini kwamba upepo utapita. Wahandisi walioyapima magari haya wameona kinyume: mlango ukiwa umefungwa, hewa hujikunja ndani ya bodi na kufanya mto, na upepo wa juu huteleza juu ya mto huo. Mlango ukishushwa mto huvunjika, na aghalabu hakuna faida. Turubai lililokazwa vizuri juu ya bodi husaidia kidogo. Turubai linalopigapiga hudhuru. Keria ya juu na fremu ya vyuma visivyo na kazi siku hiyo vishushwe nyumbani. Kabati likilazwa lisizidi kimo cha kabini ni bora kuliko likisimamishwa, hata kama mwenye kabati ananung’unika.

Lipo jingine ambalo vijana hulisifu, nalo ni kujificha nyuma ya lori ili likukate upepo. Ni kweli kwamba hewa hupungua. Ni kweli pia kwamba huoni mbele, na lori likifunga breki hutapata nafasi ya kutamka shahada. Sheria yetu haituruhusu kujidhuru wala kudhuru wengine kwa ajili ya lita mbili.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari pale upepo wa pwani unapotarajiwa kuzidi kilomita 40 kwa saa, na wengi wetu tukiisikia redioni twadhani ni habari ya wavuvi. Ni habari ya kila mwenye pikapu aendaye Kibaha siku hiyo. Ikiwa safari yaweza kungoja kesho, na ingoje. Wenzetu wa Singida, ambao upepo kwao ni mwenyeji wa kudumu, hawahitaji kuambiwa haya.

Hatusemi kwamba kila dereva ni mwaminifu, wala kwamba upepo ni fatwa ya kufunika kila pengo la hesabu. Hesabu hiihii humkamata mwizi. Dereva akileta risiti ya lita 30 kwa safari ya kurudi mwezi wa Julai, akisukumwa na kusi njia nzima, huyo ana maswali ya kujibu. Ila aulizwe kwa kipimo, na mwenye kudai alete ushahidi, kama mahakimu wetu walivyofundisha. Mtu asisomewe muhtasari.

Na muhtasari ule? Dereva hakutaka fidia, wala hakutaka kuombwa radhi faraghani. Alisema kwamba maneno yalitoka msikitini yakafika mashineni, basi na haya mengine yatoke msikitini vilevile. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, tulisimama tukasoma kwamba maneno “upotevu wa mafuta” yamefutwa, na kwamba waliokosea ni kamati. Ilituwia vigumu, hasa sisi tuliokuwa tumeyaandika kwa mkono wetu. Mkewe alikuwa upande wa wanawake. Baadaye alituma mtoto kutuuliza kama tangazo hilo litabandikwa na mashineni. Tulilibandika.

Alikaa wiki mbili nyingine bila kuzichukua funguo, nasi hatukumhimiza. Alipozichukua aliomba daftari la gari liongezwe safu moja, baada ya safu ya kilomita na safu ya lita. Mstari wa mwisho, kwa mwandiko wake, unasomeka hivi: “Kutoka saa 11:20 alfajiri. Dakawa kimya. Bwawani umeanza, wa omo. Chalinze nimepunguza hadi 70. Lita 25.”